Tableti ya laini au hotspoti ya simu: ipi inakufaa Uganda?

Ukiingia maduka ya simu ya katikati ya Kampala, utawekewa mezani tableti mbili ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kioo kile kile, betri ile ile, hata kava linaingia zote. Moja ni ya Wi-Fi tu. Nyingine inaingia laini, na bei yake imepanda kwa sababu hiyo. Muuzaji atakuambia ya laini ndiyo ya mtu wa kazi. Rafiki uliyekuja naye atakuvuta pembeni akunong'oneze usipoteze pesa, simu unayo, washa hotspoti basi, simu iigawie tableti intaneti. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ana mtu wake kichwani.

Mimi nikiulizwa huuliza kwanza: simu yako ikiondoka, tableti inatakiwa iendelee na kazi? Kama inatakiwa, nunua ya laini na usiangalie nyuma. Kama simu na tableti zinatoka nyumbani pamoja na kurudi pamoja, hotspoti inatosha watu wengi kuliko wanavyodhani.

Hapa Uganda swali hilo lina uzito wake, kwa kuwa simu ndiyo pochi. Humo ndimo ilimo MoMo au Airtel Money, humo ndimo wateja wanapopiga, na namba za kuthibitisha za benki huingia humo humo. Chukua mama mwenye duka la jumla Kikuubo anayetaka kijana wa kaunta atoe risiti za EFRIS (mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato) kwa tableti wakati yeye amekwenda benki. Hawezi kumwachia simu yake ili kijana apate hotspoti, maana akimwachia simu amemwachia duka na akiba yake pia. Huyo anahitaji tableti yenye laini yake. Lakini mwanafunzi wa Makerere ambaye tableti haitoki mkononi mwake na simu haitoki mfukoni, laini ya pili ataitumia lini?

Pesa ya kununua na pesa ya kulisha

iPad ya kawaida ya mwaka 2025, ile yenye chipu ya A16, ilitoka Marekani kwa dola 349 ya Wi-Fi na dola 499 ya laini. Pengo ni dola 150, yaani zaidi ya shilingi laki tano za hapa, na hapo bado ushuru na faida ya mwenye duka. Kwa tableti za Android za bei ya chini, kama Samsung Galaxy Tab A9, pengo huwa dogo zaidi, na mtu akiniambia "acha nichukue ya laini tu yaishe" sina ugomvi naye. Kwenye iPad ndiko ninakositasita. Laki tano ni pawabenki nzuri, kava imara, na chenji ya kununulia bando bado ipo.

Bei ya data yenyewe haibadiliki. Tangu Julai 2021, serikali ilipoifuta ile kodi ya mitandao ya kijamii, OTT, ya shilingi 200 kwa siku, data ya intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12 mbali na VAT, na hakuna anayejali kama umeitumia kwa simu au kwa tableti. Kinachobadilika ni namna unavyoigawa. Laini mbili ni bando mbili. Ukinunua bando la wiki kwa simu na jingine kwa tableti, kuna wiki moja litakwisha Jumatano na jingine litakufa Jumapili likiwa nusu. Ndiyo maana kwa laini ya tableti nashauri bando zisizo na tarehe ya mwisho, kama Freedom za MTN au Chillax za Airtel. Kwa MB moja moja unaweza kulipa zaidi kuliko bando la siku, lakini hazifi ukisafiri kwenda kijijini ukaiacha tableti kabatini. Usiiache miezi na miezi tu: laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba inapewa mtu mwingine.

Hotspoti inavyokula bando bila kukuambia

Hapa ndipo watu wengi huumia, halafu wanailaumu kampuni ya simu kwamba imewaibia data. Tableti ikishika hotspoti yako, mara nyingi inaiona kama Wi-Fi ya kawaida. Na kwa akili ya tableti, Wi-Fi ni kitu cha bure kilichofungwa ukutani. Basi inaanza kazi ambazo ilikuwa inazisubiri: kusasisha programu zote, kupandisha picha na video zako kwenye hifadhi ya mtandaoni, hata kupakua toleo jipya la mfumo mzima, ambalo peke yake laweza kufika GB kadhaa. Wewe umefungua ukurasa mmoja wa URA, ukigeuka bando limekatika. Tableti ya laini haifanyi hivyo, kwa sababu inajua kwamba data ya laini inalipiwa, na kazi nyingi nzito inaziweka kando mpaka ipate Wi-Fi.

Dawa ipo na haichukui dakika mbili. Kwenye Android, fungua mipangilio ya Wi-Fi ya tableti, gusa jina la hotspoti yako, tafuta mahali pa matumizi ya mtandao, uubadilishe uwe mtandao unaopimwa (metered). Kwenye iPad, gusa alama ya i mbele ya jina la hotspoti kisha washa Low Data Mode. Fanya mara moja tu. Kifaa kitaukumbuka mtandao huo. Mtu ambaye hajafanya hili hana haki ya kuniambia hotspoti ni ghali.

Video ni habari nyingine, na hapo njia zote mbili ni sawa. Video ya ubora wa 720p hula karibu GB nzima kwa saa, pengine zaidi. Kioo kikubwa cha tableti kinakushawishi upandishe ubora, kwa hiyo bando litakwenda mbio kuliko ulivyozoea kwenye simu, uwe na laini au hotspoti.

Na kwa wale wa VPN: Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021, na wengi wana VPN, programu ya kukwepa kizuizi hicho, kwenye simu. Usitegemee kwamba ukiwasha hotspoti VPN ya simu itaifunika na tableti. Kwa simu nyingi haifanyi hivyo. Data ya tableti hupita nje yake, na utashangaa kwa nini simu inafungua na tableti haifungui.

Betri, joto, na simu inayoita

Hotspoti ni mzigo kwa simu. Inazungumza na mnara upande mmoja na tableti upande mwingine, kwa wakati mmoja, bila kupumzika. Iweke simu juu ya dashibodi ya lori saa saba mchana barabara ya Tororo na utaikuta imepata joto la pasi, ikipunguza kasi yenyewe ili isiharibike. Simu yenye miaka mitatu, betri imechoka, haitamaliza siku ya kazi ikiwa hotspoti. Tableti kwa upande wake haiathiriki sana: Apple yenyewe inasema iPad inakaa hadi saa 10 za kuvinjari kwa Wi-Fi na hadi saa 9 kwa data ya laini. Saa moja tu. Kwa hiyo ukichagua hotspoti, anayelipa umeme ni simu, ile ile ambayo ikizima hulipi nauli wala hupokei pesa ya mteja. Mahali ambapo umeme unakatika bila taarifa, hilo si jambo dogo. Pawabenki inakuwa sehemu ya bei ya hotspoti. Iweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kama kazi ni barua pepe na maandishi ya WhatsApp tu, jaribu kuunganisha kwa Bluetooth badala ya Wi-Fi. Ni ya polepole lakini inakula betri kidogo. Na ukiwa kwenye jengo la maduka ambako kila mtu ana hotspoti yake, badilisha yako itumie masafa ya 5 GHz kama simu inaruhusu. Yale ya 2.4 GHz hapo yamejaa, na 5 GHz haifiki mbali lakini mezani kwako inafika.

Kuna na usumbufu wa hotspoti kujizima. iPhone huacha kujitangaza baada ya muda mfupi ikiwa hakuna kifaa kilichounganishwa, na Android nyingi hujizima zenyewe tableti ikilala. Kwenye Android unaweza kuondoa mpangilio huo. Kwenye iPhone utazoea kufungua ukurasa wa hotspoti kila mara. Mtu anayefungua tableti mara arobaini kwa siku, dakika moja moja, atachoka. Anayekaa nayo saa mbili mfululizo hataona tofauti.

Halafu simu ikiita. Kama simu yako au laini yako haina VoLTE, yaani uwezo wa kuongea kupitia 4G yenyewe, ukipokea simu inashuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G, na ikifika 2G intaneti inasimama mpaka umalize kuongea. Uko katikati ya kikao cha Zoom kwenye tableti, shemeji anapiga kuuliza habari za nyumbani, kikao kinaganda. Tableti yenye laini yake haijali shemeji anaongea muda gani.

Mahali hotspoti inaposhinda waziwazi

Simu nyingi tunazotumia zina nafasi ya laini mbili, na Waganda wengi wana MTN upande mmoja na Airtel upande wa pili. Tableti nyingi zina nafasi moja tu. Ukiwa Kampala hutaona tofauti, lakini peleka kazi yako Kisoro au Bundibugyo, mahali kilima kimoja kinaupendelea mnara wa kampuni hii na kingine ule wa kampuni ile. Kwa simu unagusa mara mbili, data inahamia laini ya pili, hotspoti inaendelea. Kwa tableti unatafuta sindano ya kufungulia kidroo, na sindano iko wapi? Imebaki ndani ya boksi, boksi liko nyumbani.

Simu pia ni rahisi kuisogeza penye mtandao. Unaiweka dirishani, wewe na tableti mnabaki kitandani.

Kasi sitaitilia maneno mengi. MTN na Airtel zote zilizindua 5G mwaka 2023. Kama simu yako ni ya 4G, hotspoti yako ni ya 4G, na tableti ya bei ya chini nayo mara nyingi ni ya 4G. Kwa kazi za kawaida hutaona pengo.

Laini ya tableti na utaratibu wake

Laini ya tableti ni laini kamili mbele ya sheria. Itasajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, au pasipoti kwa mgeni, au kitambulisho cha mkimbizi kwa ndugu zetu wa Nakivale na Kyangwali. Ukimpa mtoto au mfanyakazi, anayejibu ni wewe.

Jambo ambalo muuzaji hakwambii ni hili: utawekaje bando? Sisi tumezoea kubonyeza *165# au *185#. iPad haina kibonyezo cha simu, hivyo hakuna cha kubonyeza. Haipokei hata SMS za kawaida kwenye namba yake. Ukitaka kujiandikisha kwenye programu ya kampuni, namba ya kuthibitisha inatumwa kwa SMS, na SMS hiyo huioni. Njia ninayoipenda ni kuitia laini mpya kwenye simu kwanza, kujiandikisha, kuhakikisha inafanya kazi, ndipo uihamishie kwenye tableti. Baada ya hapo bando unanunua kutoka simu yako kupitia mobile money, unachagua kununulia namba nyingine, unaandika namba ya tableti. Iandike namba hiyo mahali. Kila mwenye tableti ya laini huisahau.

Tableti kadhaa za Samsung zenye laini hupiga simu na kutuma SMS kama simu ya kawaida, na kwa hizo hadithi yote hiyo haikuhusu. Ulizia kabla ya kununua, kisha fungua uone kama programu ya simu ipo kweli.

iPad mpya zimeongeza kizingiti kingine. Ile ya A16, na Air na Pro zilizotoka tangu 2024, hazina kidroo cha laini kabisa. Ni eSIM tupu, yaani laini isiyo na kadi, inayowekwa ndani ya kifaa na kampuni ya simu. Kabla hujatoa pesa, nenda kituo cha huduma cha kampuni yako na jina la modeli, uulize kama watakuwekea eSIM kwenye tableti hiyo. Jibu la "itakubali tu" kutoka kwa muuzaji lisikutoshe.

Mpakani

Mawakala wa forodha wa Malaba na Busia, nanyi madereva mnaolala Mpondwe au Elegu, hili ni lenu. Karibu na mpaka kifaa hushika mnara wa upande wa pili bila kukuuliza. Kwenye simu utaliona jina la mtandao limebadilika na utashtuka. Tableti iko ndani ya begi, inaendelea kusasisha mambo yake kwa bei ya ugenini. Zima data ya kuzurura (roaming) kwenye tableti siku ile ile unayoiwasha mara ya kwanza, na kama kifaa kinaruhusu, chagua mtandao wako kwa mkono badala ya kukiachia kichague.

Lakini wakala yuyo huyo ndiye ninayemshauri anunue ya laini. Siku nzima yuko kwenye simu na mwenye mzigo, na dereva, na ofisi ya Kampala. Simu yake haiwezi kuwa redio ya mazungumzo na mnara wa tableti kwa pamoja. Nyaraka ziko kwenye kioo kikubwa, mdomo uko kwenye simu. Akivuka upande wa Kenya ananunua laini ya huko, anaitia kwenye tableti, na namba yake ya Uganda inabaki hewani kwenye simu.

Ramani na wizi

iPad ya Wi-Fi haina GPS, ya laini inayo. Ukiipeleka ya Wi-Fi kupima mashamba Masindi, au ukiiweka mbele ya usukani kama ramani, mahali pako itapakisia tu. Tableti nyingi za Android za Wi-Fi zina GPS, ikiwemo Galaxy Tab A9, kwa hiyo usilipie laini kwa sababu ya ramani kama unanunua hizo.

Tableti ikiibiwa, yenye laini itaendelea kuonekana kwenye huduma ya kutafuta kifaa mpaka mwizi atoe laini, na mwizi wa Clock Tower pale Kampala hachelewi. Yenye eSIM haitolewi kwa kucha. Ile ya Wi-Fi hukosa intaneti pale pale inapotoka karibu na simu yako. Na kwa hotspoti, weka neno la siri lisilo jina lako wala namba yako. Ndani ya teksi ya abiria kumi na wanne daima kuna mmoja anayejaribu.

Kuna njia ya tatu, kile kirauta kidogo cha mfukoni chenye laini yake. Kwa familia yenye vifaa vitatu au vinne nyumbani ni bora kuliko vyote viwili, na unaweza kumwachia kijana wa duka bila kumwachia MoMo yako. Kwa mtu mmoja ni kitu cha tatu cha kuchaji na cha tatu cha kupoteza.

Nikigawa kwa watu: mwanafunzi, mwalimu anayeandaa masomo nyumbani, mtu wa kutazama mpira na kusoma, hotspoti. Duka lenye mfanyakazi, wakala wa forodha, mkusanya takwimu anayezunguka vijijini peke yake, mzazi anayesafiri na kumwachia mtoto tableti ya masomo, laini. Mwenye simu ambayo betri yake inakufa saa nane mchana aanze na kubadilisha betri au simu, kabla hajafikiria tableti yoyote. Na mwenye kusita kabisa, anayenunua Android ambako pengo ni dogo, achukue ya laini, kwa sababu tableti ya laini unaweza kuitumia miaka yote bila laini, ila ya Wi-Fi haiongezwi laini kamwe, fundi yeyote akuambie atakavyo.

Dukani usikubali kuoneshwa kidroo ubavuni na kuambiwa "bosi, laini si hii hapa inaingia". Tableti nyingi za Wi-Fi zina kidroo kama hicho cha kadi ya kumbukumbu, na laini ikiingia humo inalala tu. Fungua mipangilio, nenda sehemu ya kuhusu kifaa, tafuta IMEI, ile namba ya utambulisho ya kifaa kinachoingia laini. Isipokuwepo, hiyo ni ya Wi-Fi. Ikiwa ni mtumba kutoka Marekani au Dubai, inaweza kuwa imefungwa kwa mtandao wa huko, au ikakosa masafa ambayo minara ya hapa inatumia, hasa ya 800 MHz yanayofika mbali vijijini. Toa laini yako mwenyewe mfukoni, itie, zima Wi-Fi ya duka, ufungue ukurasa wowote. Ukifunguka, ndipo uanze kuzungumza bei.